Kwa Nini Opera Hugeuka Makelele Sebuleni

Mwimbaji wa opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa pamoja na okestra, haimbi na maikrofoni. Ukilishika hilo, mengi yanayowatatiza watu wanapotazama rekodi za maonesho hayo nyumbani yanaanza kufunguka. Yule mama mwenye gauni refu, aliyefumbua kinywa hadi koo linaonekana, anaimba mbele ya okestra ya watu sitini, sabini au zaidi, katika jumba ambalo aliyekaa juu kabisa safu ya mwisho naye amelipa tiketi na anataka kumsikia. Ukumbi wa Metropolitan Opera wa New York huchukua watu wapatao 3,800. Sauti ya mwimbaji haipitishwi kwenye spika. Kuna pumzi, kifua, mdomo na kuta za ukumbi.

Masikio yetu hapa Tanga yamelelewa kwingine. Mji huu ndio ulioilea Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotia magitaa ya umeme katika taarab miaka ya 1960 na 1970, na humu ndimo Shakila binti Saidi alimojipatia jina. Taarab ya namna ile huimbwa karibu na maikrofoni: mwimbaji analitamka fumbo lake taratibu, spika inalifikisha kwa waliokaa nyuma. Sasa chukua rekodi ya opera, iweke kwenye runinga bapa ya inchi 32 katika sebule ya Ngamiani, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Bi mkubwa akipita uani atauliza, kama nilivyowahi kuulizwa, "Mwanangu, huyu dada anagombana na nani?"

Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu alichokisikia ni kelele kweli. Ila kelele hiyo ukumbini haikuwepo. Iliingia njiani, na inafaa kujua imeingilia wapi, maana sehemu yake kubwa inaondoka bila kununua kitu.

Tuanze kwenye koo. Okestra nzima ikipiga, nguvu zake nyingi huwa kwenye sauti za chini na za kati, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde. Kutoka hapo kwenda juu zinapungua. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanamume, hutumia miaka mingi kujifunza kulipanga koo lake ili sauti ipate kilele kingine karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde. Hapo okestra imeshapungua nguvu, na hapo pia ndipo sikio la binadamu lilipo kali zaidi. Kwa hiyo mtu mmoja hashindani ubavu na fidla thelathini. Anapita pale ambapo fidla zimemwachia njia. Wanawake wenye sauti za juu, masoprano, wana mbinu tofauti kidogo: hulifananisha umbo la kinywa na noti wanayoiimba, na kadiri noti inavyopanda ndivyo taya linavyoshuka. Ndiyo sababu ya vinywa vile vinavyowashangaza watazamaji. Havifunguki kwa hasira.

Sauti hiyo ilitengenezwa isikiwe kutoka mita ishirini, thelathini, arobaini. Kufika kwa msikilizaji imeshagonga dari na kuta, imelainika, imepata mwangwi. Lakini rekodi za siku hizi hazisikilizi kutoka huko. Kuna maikrofoni juu ya okestra, nyingine ukingoni mwa jukwaa, na katika matangazo mengi hufichwa maikrofoni ndogo ndani ya nywele za bandia au nguo ya mwimbaji. Hiyo haipandishi sauti ukumbini. Kazi yake ni rekodi tu. Inasikia kutoka sentimita chache kile kilichokusudiwa kusikika kutoka mbali. Fundi sauti hodari huichanganya kwa kiasi, akategemea zaidi zile za mbali. Fundi mwenye haraka huipandisha ili kila neno lieleweke, na papo hapo mwimbaji anakuwa amekuinamia sikioni akiimba kwa nguvu zake zote.

Halafu inafika runinga yako. Spika za runinga bapa ni ndogo, zimebanwa ndani ya fremu nyembamba, na mara nyingi zinatazama chini au zinatazama ukuta wa nyuma. Sauti nzito haziziwezi. Selo, besi kubwa za kusimama, matarumbeta ya chini, vyote hivyo vinavyoubeba wimbo vinabaki kivuli. Kinachopita vizuri ni sehemu ya kati na ya juu, na ndani yake mna kile kilele cha mitetemo 3,000. Runinga imeiondoa okestra chini ya miguu ya mwimbaji na kumwacha na ncha kali ya sauti yake. Bi mkubwa hakukosea: alisikia ncha hiyo peke yake.

Sebule nayo ina mchango wake. Kumbi zinazosifiwa kwa muziki wa okestra, kama Musikverein ya Vienna iliyofunguliwa 1870, huacha mwangwi wa karibu sekunde mbili baada ya noti kukatika. Majumba ya opera huwa na mwangwi mfupi zaidi ili maneno yasivurugane. Sebule ya marumaru sakafuni na kuta tupu za saruji haina mwangwi wa namna hiyo. Ina mlio mfupi unaorudirudi kati ya ukuta na ukuta. Piga kofi moja katikati ya chumba utausikia. Mlio huo huongezea ukali palepale penye ukali. Dawa yake imo ndani ya nyumba zetu: pazia zito, zulia au mikeka miwili, makochi ya kitambaa, kabati lililojaa vitu. Chumba cha kulala chenye godoro na nguo zilizotundikwa mara nyingi husikika vizuri kuliko sebule iliyopambwa kwa ajili ya wageni.

Wengi wetu tuna sabufa, na wengi tumeiweka pembeni kwenye kona na kupandisha bezi mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Kwa singeli sawa. Kwa opera au okestra, isogeze itoke konani, shusha bezi hadi nusu au chini yake, kisha weka spika mbili ndogo za pembeni katika usawa wa masikio, zikiachana kiasi cha mita mbili. Kona huzidisha sauti nzito, na sauti nzito iliyozidishwa hufunika maneno. Kama fedha ya kununua kitu kimoja ipo, ningenunua visikilizio vizuri vya waya kabla ya kufikiria runinga kubwa. Visikilizio havijali marumaru wala ukuta tupu.

Pana jambo jingine linalowasumbua watu bila kulijua, nalo ni umbali kati ya sauti ndogo na sauti kubwa. Okestra inaweza kushuka hadi karibu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 30 au 40, fidla zikiguswa tu, na dakika chache baadaye ikapanda hadi 100 au kuzidi. Feni ya sebuleni peke yake inaweza kutoa desibeli 40 na ushei. Kwa hiyo sehemu za kunong'ona zinazama ndani ya feni, unapandisha sauti, kisha ngoma kubwa na matarumbeta yanaingia na jirani anagonga ukuta. Unashusha. Baada ya nusu saa ya kupandisha na kushusha, mtu anazima na kusema muziki huu haueleweki.

Nyimbo nyingi tulizozoea redioni hazina tabia hiyo kwa sababu zimebanwa studioni: sehemu ndogo zimepandishwa, kubwa zimeshushwa, wimbo mzima unakwenda kwenye kimo kimoja ili usikike hata ndani ya daladala. Runinga nyingi nazo zina mpangilio wa kusawazisha sauti zenyewe, ambao huenda umewashwa bila wewe kujua. Uzime. Unaharibu kazi ya watu mia, kwa kuwa katika muziki wa namna hii kupanda na kushuka ndiko kunakosimulia kisa. Kisha tafuta mahali pa kelele kubwa kuliko zote katika rekodi, weka sauti pale kwa kiasi unachoweza kuvumilia, na usiiguse tena. Tazama usiku, barabara ikitulia, feni ikiwa kwenye namba moja. Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisha. Hakuna okestra inayoishinda.

Nani amechagua unachokiona

Ukiwa ukumbini macho yako ni yako. Nyumbani, kuna mtu aliyekuchagulia. Maonesho makubwa hurekodiwa kwa kamera nyingi, wakati mwingine zaidi ya kumi, na ndani ya gari la mitambo lililoegeshwa nje ya jumba hukaa mwongozaji wa picha pamoja na mtu anayesoma noti. Huyo msomaji wa noti ana kitabu cha muziki kilichowekewa alama wiki nzima kabla: hapa kamera ya tatu kwa mpiga filimbi, hapa ya kwanza kwa mwimbaji, jiandae, sasa. Kamera ikimfikia mpiga filimbi nusu sekunde kabla hajapuliza, si bahati.

Ninazipenda rekodi ambazo mwongozaji wake ana subira. Katika opera ya Verdi iitwayo Rigoletto, iliyooneshwa mara ya kwanza Venice mwaka 1851, mna mahali watu wanne wanaimba kwa pamoja, kila mmoja na lake. Ndani ya kilabu mtawala mhuni anamtongoza mwanamke mmoja, na mwanamke anamcheka. Nje gizani amesimama msichana aliyempenda mtawala huyo kwa moyo wote, akishuhudia kila kitu kwa macho yake, na pembeni yake baba anayetafuta kisasi. Ubembelezi, kicheko, kilio na kiapo vinasikika kwa wakati mmoja, na masikio yanavipokea vyote. Kamera ikirukaruka kutoka uso hadi uso, unakosa jambo lenyewe, yaani ule ukuta kati ya walio ndani na walio nje. Mwongozaji mzuri hurudi nyuma, akawaacha wote wanne ndani ya picha.

Anayeijua taarab ataelewa hasara hiyo haraka. Anayekwenda kumtunza mwimbaji haendi ovyo. Anasubiri ubeti. Neno lake likiimbwa anainuka, anacheza taratibu hadi mbele, na kabla ya kutoa noti ya fedha anaweza kumtupia jicho mtu fulani aliyeketi. Ukumbi mzima umejua ugomvi ni wa nani. Kamera iliyomng'ang'ania mwimbaji itaonesha noti ikitua mkononi, lakini aliyekusudiwa hataonekana, na mtazamaji wa nyumbani atadhani ametazama shangwe tu. Nimeona video nyingi za harusi za hapa Tanga zenye picha safi kabisa, na kisa chote kimebaki nje ya fremu.

Kuna lingine la kujua kuhusu neno "moja kwa moja" linaloandikwa kwenye majalada. Rekodi nyingi zinazouzwa hivyo ni mkusanyiko wa usiku mbili au zaidi. Tenori, yaani mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu, akikohoa usiku wa kwanza, kipande hicho huchukuliwa kutoka rekodi ya usiku wa pili. Pengine hufanyika kikao cha ziada cha kuziba mapengo baada ya watu kuondoka. Sioni ubaya, maadamu watu ni walewale na ukumbi ni uleule. Lakini ukimsikia mwimbaji wa kawaida akiteleza jukwaani, usidhani wa Ulaya hawatelezi. Wanateleza, na baadhi ya mitelezo yao imekatwa.

Midomo na sauti kuachana

Hili ni tatizo la kifaa, na lina tiba. Mtu akitazama fundi wa jahazi akigonga msumari ng'ambo ya bandari, anaona nyundo ikishuka kwanza, kisha mlio unafika, kwa sababu sauti husafiri kiasi cha mita 340 tu kwa sekunde. Ubongo umezoea mpangilio huo. Ndiyo maana sauti ikichelewa nyuma ya picha hatuitambui mpaka ifikie takriban milisekunde 125, lakini ikitangulia picha tunasumbuka mapema zaidi, kwenye 45 hivi. Spika za Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200 na kuzidi. Katika mazungumzo ya tamthilia unaweza kuvumilia. Katika onesho la muziki, ambapo unamwona mpiga ngoma akishusha fimbo, raha inaisha. Tumia waya. Kama ni picha inayochelewa, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga utafute sehemu ya kuchelewesha sauti, uisogeze kidogokidogo ukimtazama mpiga ngoma. Mwimbaji si mwongozo mzuri, midomo hudanganya.

Kuhusu bando, hesabu ni fupi. Picha inayokwenda kwa megabiti 5 kwa sekunde inakula GB 2.25 kwa saa, na opera ya saa tatu itameza karibu GB 7. Ukiishusha picha hadi megabiti 1, saa inakula MB 450. Sauti nzuri ya kilobiti 128, kwa upande wake, haifiki MB 60 kwa saa. Kinachomaliza bando ni picha. Katika huduma nyingi za siku hizi sauti na picha husafiri kama mafungu mawili, kwa hiyo ukichagua picha ya kiwango cha kati, sauti kwa kawaida haiguswi. Bora fidla safi na uso wenye ukungu kidogo. Wenye deki za DVD hawana haja ya hesabu hii, na DVD nyingi za opera zimeachwa wazi kuchezwa katika kanda zote za dunia.

Pa kuanzia papo. OperaVision, iliyoanzishwa 2017 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, huweka maonesho kamili mtandaoni bila malipo kwa miezi kadhaa, pamoja na tafsiri za maneno chini ya picha katika lugha kadhaa. Okestra ya Berlin Philharmonic ina ukumbi wake wa mtandaoni wa kulipia tangu 2008. Metropolitan Opera imekuwa ikirusha maonesho redioni tangu siku ya Krismasi ya 1931, ikaanza mfululizo wake wa runinga wa moja kwa moja kutoka jukwaani mwaka 1977, kwenye majumba ya sinema Desemba 2006, na Machi 2020, milango ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, ikawa inafungua rekodi moja kila usiku kwa dunia nzima bure. Mwongozo wangu kwa anayeanza ni La Bohème: visehemu vinne, muziki usiofika saa mbili, na kisa cha vijana wasio na kodi ya nyumba ambacho hakihitaji maelezo. Soma kisa kabla. Hakuna utamu unaopotea. Watazamaji wa opera huenda wakijua nani atakufa, na wanakwenda kusikia namna atakavyokufa. Gawa kisehemu kimoja kila jioni. Adhana ikilia simamisha, umeme ukikatika rudi kesho. Ukumbini huwezi hayo.

Wapo wanaosema hizi si zetu, tusijisumbue. Mwimbaji wa opera Pretty Yende alikua katika mji mdogo wa Afrika Kusini. Akiwa na miaka 16 alisikia kwenye runinga ya nyumbani tangazo la biashara lililotumia wimbo wa wanawake wawili kutoka opera ya Lakmé, akaenda shuleni kumuuliza mwalimu kile ni nini. Mwaka 2013 aliimba kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera, na 2023 aliimba katika kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu jijini London. Lilikuwa tangazo tu, kwenye runinga, nalo lilitosha.

Haya yote yanageuka kuwa kazi yetu pia, kwa sababu Tanga ina muziki ambao mwingi umebaki kwenye kaseti za majumbani na kwenye kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Joto na unyevu wa pwani huila gundi inayoushika unga wa sumaku kwenye utepe, na kaseti iliyokaa kabatini miaka arobaini inaweza kucheza mara moja ya mwisho na basi. Anayeihamisha awe na kifaa cha kunakilia tayari kabla hajabonyeza kitufe.

Na kwa maonesho yanayofanyika sasa, harusi na taarab za viwanjani, makosa ni mawili yanayojirudia. Wengine huchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti: inakuwa safi, lakini haina watu, haina vigelegele, haina ukumbi. Wengine hutegemea simu iliyoinuliwa mbele ya spika, na simu hujirekebisha yenyewe, ngoma ikilia inashusha kila kitu, ikinyamaza inapandisha. Chukua vyote viwili. Waya kutoka kwenye mikisa uingie kwenye kinasa kimoja, na kinasa cha pili kikae katikati ya watu, mbali na spika, kikiwa kimezimwa mpangilio wa kujirekebisha. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili baadaye uweze kuzilinganisha sauti mbili na picha. Kisha changanya: mikisa iwe juu, ukumbi uwe chini yake kiasi cha kusikika. Kamera moja iachwe imesimama nyuma, ione jukwaa lote na watu wanaoinuka kwenda kutunza, hata kama unayo nyingine ya kusogelea nyuso. Nakala ya kwanza ihifadhiwe kwenye kompyuta kabla ya kuwatumia watu kwa WhatsApp, kwani huko video hubanwa na kilichobanwa hakirudi. Pamoja nayo andika tarehe, jina la kikundi, wapigaji wote kwa vyombo vyao, na mtunzi wa kila wimbo.